Uzito wa Koti

Alhamisi, saa moja jioni, kiwanda cha zamani cha soksi,
ghorofa ya tatu, mjini Tartu, baridi ya kung'ata masikio.
Tuko saba. Taa mbili. Birika moja linalovuja.
Sheria yetu ni moja, Helve aliibandika mlangoni:
mwenye mchoro afunge mdomo mpaka wengine wamalize.

Mimi hutengeneza lifti. Najua nyaya, najua kapi,
najua sauti ya chuma kinachotaka kukatika.
Kuchora nilianza ukubwani, baada ya mazishi.
Jioni ile nilitundika koti la baba:
wiki tatu za mkaa, vifungo vyote vinne,
hadi uzi uliochomoza kwenye kola.

Maarika akasema, "Nzuri."
Maarika husema nzuri kwa kila kitu,
kwa supu, kwa theluji, kwa bili ya umeme.
Taavet akasifu kivuli. Mwingine akasifu karatasi.
Kilemba cha ukoka kikanikaa sawasawa kichwani,
nikaanza hata kukiinamisha upande, kwa madaha.

Kisha Leelo, miaka kumi na saba, kucha zimejaa wino:
"Koti halijaning'inia. Limebandikwa.
Msumari haujui kama umebeba kitu."

Sheria ni sheria. Nikatafuna ulimi.
Nikavuka daraja la Emajõgi nikimjibu peke yangu,
majibu makali, matamu, ya mtu aliyechelewa:
mtoto huyu amemzika nani?
Theluji ikanisikiliza yote, haikunipinga.

Nyumbani sikuwasha taa. Nikalishika koti lenyewe.
Mfuko wa kulia umevutika chini
kama mdomo wa mtu aliyenuna,
na ndani spana, namba kumi na tatu,
imelala humo tangu Machi.
Kwenye mchoro nilikuwa nimeunyoosha mfuko ule.
Nilimnyoosha baba. Nilimpiga pasi.

Nikafuta. Kufuta kunauma mkono kuliko kuchora.
Nikachora upya mfuko unaoning'inia,
na sikumwambia mtu ndani mna nini.

Wiki nne baadaye zamu ikawa ya Leelo:
bibi yake amelala, kinywa wazi, shuka hadi kidevuni.
Habari za hospitali sote tulizijua.
Maarika akasema nzuri. Taavet akakohoa.
Nami nikaliona kosa mara moja, langu lilelile,
nikataka kulimeza. Mungu anajua nilitaka.
Lakini msichana alikuwa ananitazama mimi,
si kwa jicho la kuomba huruma,
kwa jicho la kudai deni.

Nikasema, "Mto haujui kuna kichwa."

Hakulia. Alikunja karatasi mara mbili, akavaa glovu.
Alhamisi mbili kiti chake tukakiwekea mabegi.
Helve hakunilaumu kwa maneno;
alinimiminia chai nusu kikombe.
Nikapanda na kushuka na lifti za watu, nikijiuliza
neno la kweli hupimwa kwa ratili gani,
na nani aliyenikabidhi mizani.

Alhamisi ya tatu alikuja, theluji mabegani.
Akatundika. Bibi hakuwepo.
Mto peke yake,
na katikati ya mto bonde dogo,
zito, zito hata karatasi ikaonekana kuinama.

Tukanyamaza sote. Birika likadondosha tone, likadondosha tone.
Kwa mazoea nikatafuta kosa, sikuliona;
nikatafuta sifa, nikaiona fupi.

Maarika akavua miwani,
akaifuta kwa ncha ya skafu, akaivaa tena,
akasema, "Nzuri."

Leelo akaitikia kwa kichwa.
Baadaye, tukishuka ngazi, kwa kuwa lifti ya pale
hakuna aliyewahi kunilipa niitengeneze,
akaniuliza bila kugeuka:
"Mle mfukoni, kwani, mna nini?"